Pande: Msitu Unaoogopwa, Viwanja Vinavyosogea

Ukimtajia Pande mkazi wa Dar aliyeshuhudia mwaka 2006, hatakwambia habari za miti. Atakumbuka Januari ile, wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva teksi mmoja walipouawa humo baada ya kukamatwa na polisi. Kesi ikatikisa nchi nzima, na jina la msitu likabaki na damu.

Lakini Pande ni ya zamani kuliko kesi hiyo. Ilikuwa hifadhi ya msitu tangu enzi za Mwingereza, na mwaka 1990 ikapandishwa kuwa pori la akiba. Haifiki hata kilomita za mraba 20, ila ni kipande cha misitu ya pwani, ile yenye mimea isiyoota kwingine popote duniani.

Zamani hakukuwa na wa kuigombania. Sensa ya 1967 ilikuta Dar ina watu kama laki 2 na 70 elfu tu, na Mbezi ilikuwa shamba. Sensa ya 2022 imekuta milioni 5 na laki 3. Mwaka 2021 stendi kubwa ya mikoani ikahamia Mbezi Luis kutoka Ubungo, na bei ya ardhi ikapaa. Siku hizi dalali akikuuzia kiwanja pande hizo anakusifia mpaka hewa safi. Hewa yenyewe inatoka msituni!

Sheria ya Wanyamapori ya 2009 hairuhusu makazi ndani ya pori la akiba. Sawa, ila sheria peke yake hailindi kitu ambacho mtaa unakiogopa. Watu wakiona msitu ni maficho ya wahalifu, ukikatwa watashukuru.

Nairobi walipitia hayohayo. Karura nao ulikuwa msitu wa kuogopwa, na miaka ya 1990 wakubwa wakaugawana wajenge majumba. Januari 1999 Wangari Maathai alikwenda kupanda mti pale, akapasuliwa kichwa na walinzi. Wanafunzi wakaingia barabarani, na ujenzi ukakwama. Leo familia zinakwenda Karura kukimbia, kuendesha baiskeli na kupiga picha. Nani atathubutu kuugusa?

Hapo ndipo penye somo kwa watu wa Mbezi. Msitu unaotembelewa una mashahidi wengi. Unaoogopwa unabaki na shoka na dalali tu.