Habari za Mama Anyonyeshaye Alazwapo Hospitalini

Vitabu vya jubilei hupenda kuhesabu majengo na vitanda. Si vibaya, basi, kutaja na wale walalao vitandani humo, hasa mama mwenye mtoto ziwani.

Zamani, katika hospitali nyingi za Ulaya, mama alizuiliwa mlangoni, na mwanawe mgonjwa akalala peke yake mpaka siku ya kuzuru. Katika miaka ya 1920 daktari James Spence wa Newcastle, Uingereza, alianza kuwalaza mama na watoto wao chumba kimoja, wawanyonyeshe na kuwauguza. Wengine hawakumfuata upesi. Kamati ya serikali yao ilishauri hivyo mwaka 1959 tu. Huku kwetu, mama kulala na mwanawe halikuwa jambo la kufundishwa na kamati! Na huko Mulago, Kampala, kilipoanzishwa mwaka 1965 kituo kiitwacho Mwanamugimu kwa watoto waliodhoofika kwa utapiamlo, mama walikaa humo pamoja nao, wakijifunza kupika.

Mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa hatua 10 za kuzisaidia hospitali katika unyonyeshaji, na mwaka 1994 Tanzania ikaweka kanuni za kuzuia matangazo ya maziwa ya kopo. Hayo yote ni mema, lakini yalimtazama zaidi mama aliyejifungua. Je, yule aletwaye Mrara au Dareda kwa homa kali au mguu uliovunjika, na mtoto wa miezi 4 amebaki Magugu analia?

Yapasa kwanza kumwuliza mganga kama mtoto aweza kuletwa, maana dawa nyingi hazikatazi kunyonyesha. Zile zikatazazo yeye azijua. Kama haiwezekani, mama akamue maziwa kwa mkono, mara 8 hivi mchana na usiku, maana ziwa lisilotolewa maziwa hupunguza kuyafanya, tena huvimba na kuuma. Yawekwe katika kikombe safi chenye kifuniko, mtoto anyweshwe kwa kikombe kingine kidogo, wala si kwa chupa ya chuchu, ambayo ni ngumu kuisafisha.

Yuko na mwingine ambaye ni rahisi kumsahau: shangazi au bibi aliyekuja kwa basi na mtoto mgongoni. Naye hana budi kupata mahali pa kuketi, maji ya kunawa, na sahani ya ugali, kwa kuwa yeye ndiye atakayempakata mtoto kila mama apelekwapo kufungwa kidonda.