Mkanda mweusi si diploma ya ualimu: historia yake inatufundisha nini?

Mwezi uliopita mama mmoja alinisimamisha kwenye mlango wa redio yetu. Alikuwa na mtoto wake wa miaka tisa, mkono wa kushoto ukiwa ndani ya plasta. Mtoto aliangushwa katika mazoezi ya judo juu ya simenti tupu, bila tatami, na kabla ya kufundishwa namna ya kuanguka. Mama akaniambia: «Ndugu mwandishi, yule Maître ana mkanda mweusi. Niliuona mkanda, nikalipa. Nilipaswa kuangalia nini kingine?»

Sikuwa na jibu. Kilabu chenyewe sitakitaja, kwa sababu shida hii si ya kilabu kimoja. Katika miji yetu, kijana akiisha kufunga mkanda mweusi, kesho yake anaweza kukusanya watoto katika kiwanja cha shule na kuanza kufundisha. Nikaona heri tuulize kwanza: huu mkanda ulitoka wapi, na wale walioubuni walitaka uonyeshe nini?

Zamani Japani haikuwa na mkanda mweusi. Katika shule za kale za jujutsu, mwalimu alimpa mwanafunzi hati ya kuandikwa kwa mkono, iliyoitwa menkyo, yaani ruhusa. Hati ya mwisho ilimaanisha kwamba mwanafunzi amepokea mafundisho yote ya shule hiyo. Kuipata kulichukua miaka mingi, na kila mtu alijua ni mwalimu gani aliyeitoa.

Mwaka 1882 kijana mmoja, Kano Jigoro, aliyekuwa na miaka 21 tu, alifungua shule yake katika hekalu moja la Tokyo. Aliiita Kodokan, na mchezo wake akauita judo. Kano alikuwa mtu wa elimu, baadaye akawa mkubwa wa chuo cha kufundishia walimu. Alitaka mwanafunzi aone maendeleo yake hatua kwa hatua, asingoje miaka mingi kwa ajili ya hati moja. Kwa hiyo akachukua mpango wa dan, uliokuwa tayari unatumiwa na wachezaji wa mchezo wa go. Mwaka 1883 aliwapa wanafunzi wawili, Tomita na Saigo, dan ya kwanza. Miaka michache baadaye, wenye dan wakaanza kufunga mkanda mweusi.

Dan ya kwanza kwa Kijapani ni shodan, na maana yake ni hatua ya kuanzia. Haimaanishi kwamba mtu amemaliza. Kwa Kano, mwenye mkanda mweusi ni mtu aliyekwisha kujua misingi na ambaye sasa anaweza kuanza kujifunza kwa kweli. Sisi tumeigeuza: tunaiona kama diploma ya mwisho.

Wajapani wenyewe walijua kwamba kupigana na kufundisha ni mambo mawili. Mwaka 1895 kulianzishwa mjini Kyoto chama kikubwa kilichoitwa Dai Nippon Butoku Kai. Kiliwapa watu vyeo vya ualimu, kama kyoshi na hanshi, mbali na dan. Dan ilionyesha uwezo wa mtu, lakini cheo cha ualimu kilihitaji pia tabia, umri na kazi aliyokwisha kufanya.

Karate nayo ina historia yake. Kule kisiwa cha Okinawa hapakuwa na dan wala mkanda wa rangi. Mtu alijulikana kwa mwalimu wake: fulani ni mwanafunzi wa fulani. Mwalimu wa shule Funakoshi Gichin aliileta karate Tokyo mwaka 1922, na mwaka 1924 akatoa mikanda mieusi ya kwanza kwa wanafunzi saba, kwa kufuata mfano wa Kano. Wale saba walikuwa na mtu wa kuwashuhudia. Ushuhuda huo ndio uliokuwa na thamani. Kitambaa kilikuwa alama yake tu.

Mikanda ya rangi nyingi ilikuja baadaye. Kawaishi Mikinosuke alifika Paris mwaka 1935, na mpango wake wa njano, machungwa, kijani, buluu na kahawia ukaenea Ufaransa na inchi zingine za Ulaya. Ulisaidia sana, kwa kuwa mwanafunzi aliona anasonga mbele. Lakini ulifungua pia mlango wa biashara: kila rangi mtihani, kila mtihani malipo.

Wafaransa waliona hatari hiyo mapema. Sheria ya tarehe 28 Novemba 1955 iliweka masharti juu ya kazi ya mwalimu wa judo na jiu-jitsu, na juu ya kufungua vyumba vya kufundishia. Mkanda mweusi peke yake haukutosha tena, mwalimu alipaswa kuwa na diploma ya serkali. Walielewa kwamba mtu anayekabidhiwa miili ya watoto wa wengine hawezi kujipa kazi hiyo yeye mwenyewe.

Na hata diploma haimalizi maneno. Sisi wa Kivu tunapaswa kulijua jambo hilo kuliko wengine. Popole Misenga alizaliwa Bukavu mwaka 1992. Vita vilimfukuza akiwa mtoto, akapatikana porini baada ya siku nane, akapelekwa Kinshasa, na huko ndiko alikojifunza judo. Mwaka 2013 yeye na Yolande Mabika, naye mzaliwa wa Bukavu, walikwenda Rio de Janeiro kwa mashindano ya ulimwengu. Baadaye waliwaeleza waandishi wa habari kwamba walipokuwa wakishindwa walifungiwa na kunyimwa chakula, na kwamba kule Rio waliachwa bila pasipoti wala pesa. Wakaomba hifadhi. Mwalimu wa Brazil, Geraldo Bernardes, akawapokea na kuwafundisha. Mwaka 2016 wote wawili walishindana katika Olimpiki ndani ya timu ya wakimbizi, na Popole akashinda pambano lake la kwanza. Watoto ni walewale, judo ni ileile, ila mikono iliyowashika ilikuwa mingine. Hakuna rangi ya mkanda inayoweza kukuonyesha tofauti hiyo.

Sasa nimrudie yule mama. Mzazi hahitaji kujua karate ili amuulize mwalimu. Muulize: nani alikupa dan, mwaka gani, na cheti kiko wapi? Mwalimu wa kweli atataja jina la mwalimu wake bila kukasirika. Kisha peleka jina lake kwenye ligi ya jimbo au shirikisho la mchezo huo, uone kama wanamjua. Kwa taekwondo, Kukkiwon ya Seoul, iliyoanzishwa 1972, hutoa vyeti vya dan vyenye namba, na namba hiyo inaweza kuchunguzwa. Kwa judo kuna Kodokan na mashirikisho ya inchi.

Baadaye kaa pembeni utazame mazoezi mara mbili ao tatu. Mwalimu akikukataza kutazama, shika mkono wa mtoto wako murudi nyumbani. Angalia kama wageni wanafundishwa kuanguka kabla ya kuangushwa. Angalia kama mtoto mdogo anapambanishwa na mkubwa. Angalia mtoto akiumia mwalimu anafanya nini, na akilia anaambiwa nini. Uliza pia mtihani wa mkanda unalipiwa ngapi, na kama kuna mtu aliyewahi kushindwa mtihani huo. Pahali ambapo kila anayelipa anafaulu, mnauziwa kitambaa.

Mama alinisikiliza, akatazama plasta ya mtoto. Akasema mtoto anataka kurudi kwenye judo akipona, na yeye hatamkataza. «Lakini safari hii,» akasema, «mtihani wa kwanza atafanya Maître, na mimi ndiye nitamuuliza maulizo.»