Makumbusho na Historia ya Wavuja Jasho wa Pemba

Historia hujengwa na mikono ya watu. Ukoloni ulikataa ukweli huo; waandishi wake waliyahesabu magofu ya pwani yetu kuwa kazi ya wageni. Uchimbuaji umeivunja kasumba hiyo. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, Pemba, zilifukuliwa sarafu zaidi ya 2,000, nyingi zikiwa za fedha na zenye majina ya watawala wa hapa hapa pwani.

Lakini sarafu humtaja mtawala tu, haimtaji mvuja jasho. Huyo tutampata vinywani mwa wananchi. Pujini ipo ngome ya karne ya 15 inayohusishwa na Mkama Ndume, yaani mwenye kuwakamua wanaume. Wazee husimulia kwamba aliwabebesha watu mawe vichwani huku wakijikokota kwa makalio. Iwe ilikuwa hivyo hasa au sivyo, jina hilo ni hukumu ya wanyonywaji juu ya mnyonyaji, nayo imedumu vizazi kwa vizazi.

Leo, Chake Chake, makumbusho yamo ndani ya ngome kongwe. Je, yasimulie habari za nani? Wataalamu wakichukua vitu na kuwaacha wasimulizi vijijini, makumbusho yatakuwa ghala la fahari ya watawala. Kwa hiyo ni wajibu wa kada na mwanafunzi kwenda Pujini na Mtambwe kujifunza kwa wazee, na kuhakikisha kwamba kauli yao inawekwa kando ya jiwe na sarafu. Wananchi si watazamaji wa historia, ndio wenyewe.