Sumu Iliyoingia Katika Maziwa: Michigan, 1973

Katika nusu ya kwanza ya mwaka 1973, kiwanda cha kampuni ya Michigan Chemical, katika mji mdogo wa St. Louis, jimbo la Michigan nchini Marekani, kilipakia mifuko kati ya 10 na 20 iliyokuwa ikipelekwa kwenye kinu cha kuchanganyia chakula cha mifugo karibu na Battle Creek. Mifuko hiyo ilipaswa kuwa na Nutrimaster, yaani oksidi ya magnesi, unga unaoongezwa kwenye chakula cha ng'ombe ili waongeze maziwa. Ndani yake mlikuwa na Firemaster, kemikali ya kuzuia plastiki isishike moto. Unga wote haukuzidi kilo 450. Huo ndio uliokuwa mwanzo wa mojawapo ya maafa makubwa ya sumu ya chakula katika historia ya Marekani.

Kisa hiki husimuliwa kama hadithi ya uzembe wa ghalani, na ni kweli uzembe ulikuwapo. Lakini kosa la mifuko lilikuwa la siku chache tu. Yaliyofuata yalichukua miaka, na hayakuwa bahati mbaya. Yalikuwa maamuzi ya watu waliokaa ofisini: nani aambiwe nini, nani athibitishe nini, na sumu iwe kiasi gani ndipo iitwe sumu.

Tuanze na kemikali yenyewe. Firemaster lilikuwa jina la biashara la mchanganyiko wa polibromobifenili, kwa kifupi PBB. Hizi ni molekuli zenye pete mbili za kaboni zilizobebeshwa atomi za bromini. Plastiki inapoanza kuungua, joto huiachilia bromini, nayo huzinasa zile chembe zenye nguvu zinazouwezesha mwali kuendelea, hivyo moto hufifia kabla haujakolea. Faida hii si ya kubezwa. Nyumba na ofisi za Marekani zilikuwa zimejaa redio, televisheni na mashine zenye maganda ya plastiki, na plastiki ni mtoto wa petroli: huwaka kama mzazi wake. Wenye viwanda vya bromini nao walikuwa wakihitaji soko jipya, maana sehemu kubwa ya bromini ya Marekani ilikuwa ikiingia katika petroli yenye risasi, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa dhahiri kwamba siku za petroli hiyo zinahesabika.

Sifa iliyoifanya PBB ipendwe kiwandani ndiyo hiyo hiyo iliyoifanya iwe balaa zizini. Haivunjikivunjiki. Haiyeyuki katika maji bali katika mafuta, kwa hiyo ikiingia mwilini hujificha katika mafuta ya mwili na kutoka humo pole pole mno, au hutoka kupitia maziwa. Jambo hili halikuwa fumbo. PBB ni ndugu wa damu wa PCB, kemikali ambazo mwaka 1966 mwanasayansi wa Sweden, Sören Jensen, alikuwa ameonyesha kwamba zimesambaa katika samaki na ndege. Kampuni za Dow na DuPont zilizichunguza kemikali za jamii ya PBB zikaamua kutoziendeleza. Michigan Chemical ilianza kuitengeneza Firemaster mwaka 1970.

Kwa kawaida mifuko ya bidhaa hizo mbili ilichapwa kwa namna tofauti. Mwaka 1973 kulitokea uhaba wa mifuko iliyochapwa, kiwanda kikatumia mifuko ya kahawia isiyo na nembo, majina yakaandikwa kwa herufi nyeusi. Firemaster, ambayo zamani ilikuwa vipande vya rangi ya hudhurungi, sasa ilikuwa imesagwa na kuchanganywa na kitu cha kuzuia isigandamane, ikawa unga mweupe. Hebu fikiria, msomaji: unga mweupe mmoja kandokando ya mwingine, majina yenye kiishio kimoja, mfuko wa rangi moja, na mpakiaji aliyechoka. Mpangilio wenyewe ulikuwa umekwisha kumkosesha mtu huyo kabla hajanyanyua mfuko wa kwanza.

Septemba 1973 ng'ombe wa Frederic Halbert, mfugaji wa Battle Creek, waliacha kula. Maziwa yalipungua karibu nusu kwa muda wa wiki chache. Kwato zilirefuka isivyo kawaida, mimba zikaharibika. Halbert hakuwa mfugaji wa kawaida: alikuwa amesomea uhandisi wa kemikali na kufanya kazi Dow kabla ya kurudi kwenye ng'ombe wa ukoo wake. Alikishuku chakula cha mifugo, akawalisha ndama kadhaa chakula hicho peke yake, na baadhi yao wakafa. Alipeleka sampuli kwenye maabara moja baada ya nyingine kwa fedha zake mwenyewe. Maabara zilitafuta kile zilichozoea kukitafuta: viuatilifu, ukungu, madini ya risasi. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kutafuta kizuia moto ndani ya maziwa.

Inasimuliwa kwamba kidokezo cha kwanza kilipatikana kwa bahati. Katika maabara ya serikali huko Ames, Iowa, mtambo wa kuchambua kemikali uliachwa ukiendelea kufanya kazi wakati wa chakula cha mchana, na mtaalamu aliporudi aliona mchoro wa kitu kizito kilichochelewa kutoka, ambacho kwa muda wa kawaida wa kipimo kisingeonekana kamwe. Aprili 1974 sampuli ilimfikia George Fries wa Idara ya Kilimo huko Beltsville, Maryland. Fries alikuwa amewahi kuishughulikia PBB, akaitambua. Ilikuwa imepita miezi saba tangu ng'ombe wa Halbert waanze kuugua, na takriban mwaka mmoja tangu mifuko ipotee njia.

Katika muda huo wote wafugaji wengine nao walikuwa wakipoteza mifugo. Wengi waliambiwa kwamba tatizo ni lao peke yao, kwamba hawajui kutunza ng'ombe. Mtu aliyeambiwa kwamba ni yeye peke yake huona aibu, na mwenye aibu hamsimulii jirani. Kwa njia hiyo ukimya wa kila zizi ulikuwa ngao ya mwenye kinu na mwenye kiwanda.

Ukweli ulipojulikana, takwimu zilitisha. Zaidi ya mashamba 500 yaliwekwa karantini. Takriban ng'ombe 30,000, nguruwe 4,500, kondoo 1,500 na kuku milioni 1.5 waliangamizwa, pamoja na mayai yapatayo milioni 5 na shehena za jibini, siagi na maziwa ya unga. Wanyama walisafirishwa hadi Kalkaska, kaskazini mwa jimbo, wakapigwa risasi na kufukiwa katika mashimo marefu. Baadaye, ilipopendekezwa kwamba mizoga mingine izikwe karibu na Mio, wakazi wa huko waliandamana. Waliuliza swali ambalo halikuwa na jibu zuri: kama nyama hii ni hatari mno kuliwa, kwa nini iwe salama kuzikwa juu ya maji yetu ya visima?

Sasa nifike kwenye kiini cha jambo, ambacho kwa maoni yangu watumishi wa umma wangepaswa kukisoma kuliko sura nyingine yoyote ya kisa hiki: historia ya namba.

Mei 1974 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliweka kikomo cha sehemu 1 ya PBB katika milioni 1 ya mafuta ya maziwa au nyama. Msingi wa namba hiyo haukuwa utafiti wa afya ya binadamu, kwa sababu utafiti huo haukuwapo. Msingi ulikuwa uwezo wa vipimo vya wakati ule: kiasi ambacho maabara zingeweza kukipima na kukithibitisha. Novemba mwaka huo huo, vipimo vilipoboreshwa, kikomo kilishushwa hadi 0.3. Mwaka 1977 bunge la jimbo la Michigan lilikishusha tena hadi 0.02. Katika miaka mitatu, kitu kile kile kikawa hatari mara hamsini zaidi kwenye karatasi, ilhali kemikali haikubadilika hata chembe.

Kati ya namba na namba palikuwa na watu. Mfugaji ambaye ng'ombe wake walipimwa wakakutwa na 0.2 mwaka 1975 hakuwekwa karantini, hivyo hakustahili fidia kwa utaratibu uliokuwapo. Alibaki na mambo mawili ya kuchagua: kuwauza ng'ombe wagonjwa wakaliwe na wenzake, jambo lililoruhusiwa kisheria, au kuwaua kwa gharama yake na kufilisika. Wapo waliowaua. Sheria ilimweka mtu mwadilifu mahali ambapo uadilifu wake ndio uliomfukarisha.

Mfugaji mmoja wa kaskazini mwa jimbo, ambaye mifugo yake ilikuwa na kiasi kidogo cha PBB, alikwenda mahakamani. Kesi iliendelea kwa miezi 14. Oktoba 1978 jaji aliamua kwamba madhara ya kiasi kidogo hayakuthibitishwa. Nimewahi kusikia hukumu hiyo ikitajwa kama ushindi wa sayansi dhidi ya hofu. Mimi naiona kwa jicho jingine. Kesi ya madai humtaka mlalamikaji athibitishe. Mlalamikaji hapa alikuwa mfugaji, na kitu alichotakiwa kukithibitisha ni sumu ambayo mtengenezaji wake hakuwahi kulazimishwa na sheria kuichunguza kabla ya kuiuza. Aliyenufaika na kutojua hakudaiwa maarifa. Alidaiwa yule aliyedhurika.

Utafiti wa kwanza wa afya uliofanywa na jimbo ulikuwa na kasoro ya aina hiyo hiyo. Watu wa mashamba yenye karantini walilinganishwa na watu wa mashamba yasiyo na karantini, na tofauti kubwa haikuonekana. Wengi walifarijika. Kumbe hata hao wa kundi la pili walikuwa na PBB mwilini. Utafiti wa maziwa ya mama uliochapishwa mwaka 1978, ukiongozwa na Lawrence Brilliant, daktari aliyewahi kushiriki katika kutokomeza ndui nchini India, ulikuta PBB katika asilimia 96 ya sampuli za akina mama wa sehemu ya kusini ya jimbo. Watafiti walikadiria kwamba watu wapatao milioni 8, kati ya takriban milioni 9 wa Michigan, walikuwa nayo. Mtu wa kulinganishwa naye, ambaye hakuguswa, alikuwa adimu.

Mwaka 1976 jimbo lilianza kuwaandikisha waathirika ili wafuatiliwe kwa muda mrefu. Baadaye daftari hilo lilihamia Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta. Kutoka humo tumejua, kwa mfano, kwamba mabinti waliopata PBB nyingi tumboni mwa mama zao na kisha wakanyonyeshwa walivunja ungo mapema kuliko wenzao. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka PBB katika kundi la vitu ambavyo huenda kwa kiasi kikubwa vinasababisha saratani kwa binadamu. Kiwanda cha St. Louis kilifungwa mwaka 1978, kikabomolewa na kufunikwa kwa udongo, na eneo lake likaingizwa katika orodha ya taifa ya maeneo yenye sumu yanayopaswa kusafishwa.

Je, dunia ilijifunza? Iliacha PBB na kushika ndugu yake. Nafasi yake ilichukuliwa na kemikali ziitwazo PBDE, zenye pete mbili zile zile na bromini ile ile, tofauti ikiwa atomi moja ya oksijeni katikati. Ziliingia katika magodoro, makochi na kompyuta. Mwaka 1999 watafiti wa Sweden walionyesha kwamba PBDE katika maziwa ya akina mama wa Stockholm ilikuwa ikiongezeka maradufu kila baada ya miaka mitano hivi tangu 1972. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku aina mbili kati yake mwaka 2004, na Marekani mtengenezaji aliacha kuzizalisha. Mrithi wa aina iliyotumika katika makochi, ambaye naye alikuwa na bromini ndani yake, aliitwa Firemaster 550. Walilirudisha jina lile lile.

Nasi tuko wapi? Kuna historia fupi inayostahili kukumbukwa. Mwaka 1977 Marekani ilipiga marufuku Tris, kizuia moto kingine chenye bromini kilichotiwa katika nguo za watoto za kulalia, baada ya Arlene Blum na Bruce Ames kuonyesha kwamba hubadili vinasaba. Shehena zilizokwama zikaanza kuuzwa nje ya nchi, mpaka mwaka uliofuata usafirishaji nao ulipopigwa marufuku. Januari 1981 Rais Carter alitia saini amri ya kudhibiti usafirishaji wa bidhaa zilizokatazwa nyumbani. Mwezi uliofuata Rais Reagan aliifuta.

Leo kinachosafiri ni plastiki iliyokwisha kutumika. Mwaka 2009 Mkataba wa Stockholm, ambao Tanzania na Kenya ziliuridhia mwaka 2004, uliziingiza PBB na aina kadhaa za PBDE katika orodha ya kemikali za kukomeshwa. Lakini kwa PBDE uliacha mlango wazi: vitu vilivyo nazo vinaweza kurejelezwa hadi mwaka 2030. Ganda la kompyuta linayeyushwa na kufinyangwa upya, na watafiti katika nchi mbalimbali wamezikuta kemikali hizi katika vichezeo vya watoto na vyombo vya jikoni vya plastiki nyeusi, vitu ambavyo havikuwa na haja yoyote ya kuzuiwa visiungue.

Na mjadala umerudi kwenye namba. Wajumbe wa mikataba ya kimataifa wamekuwa wakibishana plastiki iwe na PBDE kiasi gani ndipo ihesabiwe kuwa taka ya sumu isiyoruhusiwa kurejelezwa. Pendekezo moja ni sehemu 1,000 katika milioni. Jingine, ambalo nchi za Afrika zimelitetea, ni 50. Kwa kikomo cha 1,000, kontena la maganda ya televisheni lenye sehemu 900 katika milioni linapita bandarini Dar es Salaam au Mombasa kama malighafi halali.