Kombi kuukuu: Kutu iondolewe kabla ya kuta kufunikwa

Magari ya Volkswagen aina ya Kombi yalianza kuundwa Ujerumani mnamo 1950, na mwaka uliofuata kampuni ya Westfalia ikaanza kuyatengeneza yawe ya kulala safarini. Mengi yangali yanatunzwa barani Ulaya, ila adui yao mkuu ni unyevu.

Usiku, mvuke wa pumzi za waliolala hugusa bati baridi na kugeuka matone. Matone hayo hujificha nyuma ya mbao na kuleta kutu polepole. Ndiposa fundi hung'oa mbao zote kuukuu kwanza, akasugua kutu kwa msasa na kupaka rangi ya kuizuia. Nyaya za umeme hupangwa wakati huo.

Kisha hubandikwa sponji isiyofyonza maji, ishikane na bati pasipo mwanya. Sufu ya kioo haifai sana, kwani ikilowa hukawia kukauka. Matundu yaliyo chini ya milango hayazibwi kamwe, maana ndiyo njia ya maji kutokea.

Mwishowe plaiwudi nyembamba hufungwa kwa skrubu, ili iweze kufunguliwa na kukaguliwa. Hata hivyo, mvuke hauna budi kupata pa kutokea: dirisha huachwa wazi kidogo usiku kucha.