Kutoka Sauti hadi Lugha: Machakos katika Historia ya Elimu ya Viziwi na Tiba ya Usemi Nchini Kenya

UTANGULIZI

Katika Kiswahili, kitenzi "sikia" hubeba mzigo mkubwa kuliko kazi ya masikio. Mtu husikia sauti, husikia njaa, husikia baridi. Na katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, kumwuliza mtu iwapo anasikia Kiswahili ni kumwuliza iwapo anakielewa. Methali nayo yasema kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na hapo kusikia ni kutii. Kwa njia hii mazoea ya lugha yamemweka kiziwi mahali pagumu. Asiyesikia sauti hudhaniwa kuwa haelewi, na asiyeelewa hudhaniwa kuwa hawezi kuongoza wala kuongozwa isipokuwa kwa kushikwa mkono.

Makala hii inakusudia kueleza jinsi dhana hiyo ilivyoanza kutikiswa nchini Kenya, na hasa nafasi ya Machakos katika jambo hilo. Hoja yake ni kwamba mabadiliko yaliyotokea huko mwaka 1986 yalihusu zaidi ya mbinu za kufundishia. Yalihusu swali lenyewe. Kabla yake, waalimu wengi waliuliza jinsi ya kumpatia mtoto sauti. Baada yake, hapakuwa na budi kuuliza mtoto huyo ana lugha gani. Swali hilo la pili ndilo linalompasa pia kila anayekusudia kuifanya tiba ya usemi kuwa kazi yake ya maisha katika nchi za Afrika Mashariki.

KIONGOZI KAMA MSEMAJI

Jina la Machakos latokana na Masaku, kiongozi wa Wakamba wa karne ya 19. Kampuni ya Imperial British East Africa iliweka kituo hapo mwishoni mwa miaka ya 1880, na hadi mwaka 1899 Machakos ilikuwa makao makuu ya utawala wa Ukambani, kabla shughuli hizo hazijahamishiwa Nairobi.

Katika historia ya siasa, jina linalotajwa zaidi kuhusu wilaya hiyo ni la Muindi Mbingu. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ililazimisha kupunguzwa kwa mifugo ya Wakamba, kwa madai kwamba ng'ombe walikuwa wengi kupita uwezo wa malisho. Watu waliandamana hadi Nairobi kumtaka Gavana awasikilize, na Muindi Mbingu akawa msemaji wao. Serikali ilimkamata na kumpeleka uhamishoni Lamu, lakini kabla ya mwaka huo kwisha ililazimika kuiacha njia ya kuwachukulia watu ng'ombe wao kwa nguvu.

Neno "msemaji" lafaa kuangaliwa kwa makini. Katika kielelezo hiki cha uongozi, ambacho hakika ni cha heshima, kiongozi ni yule aliyepewa kinywa na wenzake. Yeye husema, serikali husikia, na wafuasi wake husikia. Kwa hiyo uongozi unafungamanishwa na sauti. Mtoto aliyezaliwa kiziwi katika jamii yenye kielelezo hiki hana pa kusimama: si msemaji, wala si msikilizaji. Lililobaki ni kusemewa. Na kwa muda mrefu hivyo ndivyo ilivyokuwa, kwani waliowasemea viziwi wa Kenya walikuwa wazazi, wamisionari, madaktari na maofisa wa elimu, karibu wote wakiwa watu wenye kusikia.

Hata umbo la maneno linatoa ushahidi. Kiziwi, kipofu, kiwete na kilema ni majina ya watu, lakini yote yamo katika ngeli ya ki-/vi-, pamoja na vitu. Upatanisho wa kisarufi huyarudisha kwenye ngeli ya watu (husemwa "kiziwi huyu amefika"), lakini kiambishi cha jina kinabaki pale pale. Kigugumizi na kithembe, ambayo ni majina ya kasoro za usemi, yana kiambishi hicho hicho. Haifai kudai kwamba sarufi huwafundisha watu dharau. Inatosha kutambua kwamba majina haya huitaja kasoro kwanza, na mtu baadaye.

NJIA YA MDOMO

Chama cha Kenya cha Watoto Viziwi kiliundwa mwaka 1958, na shule za mwanzo, za Nyang'oma na Mumias, zilianza mwaka 1961 chini ya Kanisa Katoliki. Njia iliyofuatwa ilikuwa ile iliyotawala Ulaya tangu mkutano wa waalimu wa viziwi uliofanyika Milan, Italia, mwaka 1880. Mkutano huo uliamua kwamba usemi wa mdomo utangulie na ishara ziachwe, na karibu wajumbe wote waliopiga kura walikuwa watu wenye kusikia.

Kazi ya darasani katika njia hiyo ilikuwa ngumu, na waalimu wake hawakukosa bidii. Mtoto aliketi mbele ya kioo akiangalia midomo yake na ya mwalimu. Aliweka kiganja kooni ili ahisi mtetemo wa sauti, akapuliza kipande cha karatasi ili ajue nguvu ya pumzi. Mtoto aliyepoteza usikivu baada ya kujua lugha, au aliyebakiwa na usikivu kidogo, aliweza kufaidika. Lakini kwa aliyezaliwa kiziwi, miaka ilipita katika kutengeneza silabi chache, na wakati huo hesabu, historia na maarifa mengine yakingoja.

Ugumu huo unaweza kuelezwa kwa Kiswahili chenyewe. Maneno "baba", "mama" na "papa" huonekana sawasawa midomoni, kwa maana sauti /b/, /m/ na /p/ zote hutamkwa kwa kufumba midomo. Tofauti zake zimo puani na kooni, mahali jicho lisipofika. Mtoto anayesoma midomo hawezi basi kutofautisha mzazi mmoja na mwingine, wala mzazi na samaki, ila kwa kukisia kutokana na muktadha.

Sarufi ina mtego mkubwa zaidi. "Anasoma" na "atasoma" hutofautiana kwa sauti moja tu, na sauti hizo mbili, /n/ na /t/, hutamkwa kwa ncha ya ulimi nyuma ya meno. Tena silabi hiyo haina mkazo, kwa kuwa mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Yaani wakati uliopo na wakati ujao, jambo la msingi katika kitenzi cha Kiswahili, hupita midomoni bila kuacha alama. Lugha inayobeba maana zake nyingi katika viambishi vidogo namna hii humdai msomaji wa midomo kisichowezekana.

Nje ya darasa mambo yalikuwa tofauti. Bwenini na uwanjani watoto walizungumza kwa mikono, hata pale ishara zilipokatazwa. Wakubwa waliwarithisha wadogo, na wanafunzi waliomaliza shule walikwenda na ishara hizo mijini. Hapo ndipo ilipokuwa lugha, ijapokuwa waliokuwa na mamlaka juu ya elimu hawakuipa jina hilo.

MACHAKOS, 1986

Shule ya viziwi ya Machakos ilianza mwaka 1986, ikawa mahali pa kujaribia njia nyingine: mwalimu atumie ishara za mikono pamoja na usemi, maandishi na kila chombo kinachoweza kufikisha maana. Mwaka huo huo Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya iliundwa kwa ajili ya mafunzo ya waalimu, na mwaka 1988 Wizara ya Elimu iliikubali njia hiyo ya mawasiliano kamili kwa shule za viziwi.

Miongoni mwa waliosimama kidete kutetea ishara katika elimu alikuwa Michael Ndurumo, Mkenya aliyepoteza usikivu utotoni, akasoma Marekani hadi shahada ya uzamivu, kisha akarejea nchini kufanya kazi katika elimu maalum na kufundisha chuo kikuu. Kitabu chake juu ya watoto wenye mahitaji maalum kilichapishwa na Longman Kenya mwaka 1993. Umuhimu wake katika historia hii hauko katika hoja zake peke yake. Kwa mara ya kwanza mzazi wa mtoto kiziwi aliweza kuonyeshwa msomi wa Kenya asiyesikia, aliyebishana na wizara na vyuo kwa haki yake mwenyewe. Aliyezoea kusemewa alikuwa amejisemea. Kielelezo cha zamani cha uongozi, kile cha kinywa na masikio, kilikuwa kimepata mshindani.

Hata hivyo Machakos haikumaliza kazi. Ishara zilizotumiwa hapo mwanzo zilitokana kwa sehemu kubwa na Marekani, na zilipangwa kufuata sarufi ya Kiingereza neno kwa neno. Mikono ilikuwa imeruhusiwa darasani, lakini lugha iliyosemwa na mikono hiyo haikuwa ile ya bwenini. Mtoto aliondolewa mzigo wa kusoma midomo, akapewa mzigo wa kufuata Kiingereza kwa vidole.

MCHANGO WA WANAISIMU

Kasoro hiyo ilihitaji jicho la wanaisimu. Tangu mwaka 1960, William Stokoe alikuwa ameonyesha huko Marekani kwamba ishara za viziwi zina viungo vinavyochanganuliwa kama vile fonimu zinavyochanganuliwa: umbo la mkono, mahali pake na mwendo wake. Mwaka 1991 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha mradi wa utafiti wa Lugha ya Ishara ya Kenya katika idara yake ya isimu na lugha za Kiafrika, kwa msaada kutoka Sweden. Duncan Okoth Okombo, mwanaisimu mwenye kusikia, aliuongoza.

Msimamo wa mradi huo ulikuwa kwamba viziwi wa Kenya wanayo lugha yao, yenye msamiati na sarufi isiyokuwa ya Kiingereza wala ya Kiswahili, na kwamba kazi ya mtaalamu ni kuichunguza kwa kushirikiana na wenyewe. Hapa uongozi ulichukua sura ya tatu. Okombo hakuwa msemaji wa viziwi kwa maana ya Muindi Mbingu, wala hakuwa kiziwi mwenye kujisemea kama Ndurumo. Alitumia cheo chake cha kitaaluma kuthibitisha kwamba lugha ya watu wengine ni lugha.

Matokeo yalionekana katika sheria. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 7, inaitaka dola kukuza Lugha ya Ishara ya Kenya, na katika ibara ya 120 inaitaja pamoja na Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi za Bunge. Mwaka huo huo, katika mkutano wa kimataifa uliofanyika Vancouver, Kanada, waalimu wa viziwi walijutia hadharani maamuzi ya Milan. Katika mtihani wa KCPE, uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, mtahiniwa kiziwi aliweza kufanya karatasi ya Lugha ya Ishara mahali pa karatasi ya Kiswahili.

FUNZO KWA TIBA YA USEMI

Tiba ya usemi haiwahusu viziwi peke yao. Humhudumia mwenye kigugumizi, mtoto aliyezaliwa na kaakaa lililopasuka, mtoto aliyechelewa kusema, na mzee aliyepotewa na maneno baada ya kiharusi. Katika Afrika Mashariki ni taaluma changa: shahada ya kwanza ya fani hii ilianza kufundishwa Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 2008. Je, kijana wa Machakos anayetaka kuifuata ana funzo gani katika historia hii?

La kwanza ni kwamba taaluma yenyewe imepita njia hiyo hiyo. Chuo cha watabibu wa usemi cha Uingereza kilipoundwa mwaka 1945 kilitaja usemi tu katika jina lake. Neno "lugha" liliongezwa baadaye. Chama cha wenzao wa Marekani kililiongeza mwaka 1978. Nyongeza hiyo ya neno moja ni kukiri kwamba sauti ni chombo kimoja tu cha lugha.

La pili ni kwamba tabibu asiyejua lugha ya mgonjwa anaweza kutibu asiyeumwa. Kikamba hakina sauti /r/, na sauti za /b/, /d/ na /g/ hutokea humo zikitanguliwa na sauti ya puani. Mtoto wa Kikamba anayesema "lafiki" kwa "rafiki", au "mbarua" kwa "barua", hana kasoro ya ulimi. Analeta fonolojia ya lugha ya mama katika Kiswahili, kama kila mwanafunzi wa lugha ya pili anavyofanya. Akipimwa kwa vipimo vilivyotungwa kwa ajili ya watoto wa Kiingereza, ataandikwa mgonjwa. Na mwenziwe mwenye tatizo la kweli, kwa mfano asiyeweza kupatanisha ngeli katika Kikamba chake mwenyewe, atapita bila kutambuliwa, kwa kuwa hakuna kipimo kilichomwuliza juu ya ngeli.

La tatu lazihusu idara za lugha. Tabibu hawezi kujua lini mtoto amechelewa iwapo haijaandikwa ni katika umri gani watoto wa Kiswahili, Kikamba au Kiluo huanza kutumia viambishi vya ngeli na vya nyakati. Utafiti huo si wa hospitali. Ni wa wanaisimu, kama vile utafiti wa Lugha ya Ishara ulivyokuwa.

HITIMISHO

Historia iliyoelezwa hapa ina vielelezo vitatu vya uongozi: anayesema kwa niaba ya wenzake, anayejisemea, na anayethibitisha kwa elimu kwamba wasemacho wengine ni lugha. Mtaalamu wa tiba ya usemi huvutwa sana na kile cha kwanza, kwa sababu kazi yake ni kuwasaidia wasioweza kusema. Hicho peke yake hakitoshi. Waalimu wa njia ya mdomo nao waliwasemea viziwi kwa moyo safi, na kwa moyo huo huo wakawakataza lugha yao.

Taasisi za mafunzo zitakazoipuuza historia hii zitawatoa watabibu hodari wa kunyoosha sauti, wasioweza kutambua lugha iliyo mbele yao. Watakaozihesabu gharama zake ni watoto.