Hori la Darajani na Pande Mbili za Mji wa Unguja

Anayepita leo Darajani, Unguja, katikati ya wachuuzi na daladala, anapita juu ya bahari iliyofukiwa. Hapo zamani palikuwa na hori: maji yaliingia na kutoka, na rasi ya Shangani ikabaki karibu kuwa kisiwa. Daraja lilijengwa zama za Sultani Seyyid Said. Marikiti Kuu ikafunguliwa kando yake mwaka 1904, na hori lenyewe likafukiwa kipande kwa kipande mpaka miaka ya 1950. Maji yameondoka, lakini mpaka yaliouacha bado unaonekana kwenye kuta, kwenye bei za nyumba na kwenye vitabu vya wageni.

Watu wengi huusimulia mpaka huo kama kwamba uliumbwa na maji: Waarabu, Wahindi na Wazungu huku, Waafrika kule. Ramani za katikati ya karne ya 19 zinakanusha. Zinaonyesha vibanda vya makuti vikiwa ndani ya rasi yenyewe, bega kwa bega na majumba ya matumbawe na chokaa. Ndani ya majumba hayo waliishi pia watumwa, chini na uani. Karafuu, pembe za ndovu na biashara ya watu zilipoleta fedha, kila kiwanja cha rasi kilipata thamani, na mnyonge akasukumwa kuvuka daraja, upande ulioitwa Ng'ambo. Amri ya mwaka 1897 ya kuwaacha huru watumwa ikaongeza wimbi hilo. Waliotoka mashambani walitafuta pa kuanzia maisha, nako Kikwajuni, Miembeni, Mwembetanga na Mlandege kulikuwa na nafasi.

Nyumba waliyojenga inastahili kutazamwa kwa makini, maana wakoloni waliiita kibanda na wengi wetu tukakubali. Fito zilifungwa kwenye nguzo, zikakandikwa udongo, kisha ukuta ukapakwa chokaa kadiri ya uwezo. Mbele palikuwa na baraza. Ndani, ukumbi ulipita katikati na vyumba vikawa kulia na kushoto, mpaka uani kulikokuwa na jiko na choo. Mpangilio wake ulijali stara ya wanawake, wageni na jirani kama ule wa jumba lolote la mawe la Hurumzi, upande wa rasi.

Kilichokosekana ni ardhi. Nyumba ilikuwa ya mkaaji, kiwanja cha mtu mwingine. Hapo mwanzo wenye ardhi wengi, pamoja na waliosimamia mali za wakfu, waliwaacha watu wajenge bure au kwa kitu kidogo, kwa kuwa kuzungukwa na watu wako kulikuwa heshima. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia mambo yaligeuka. Viwanja vingine viliuzwa au vikaingia mikononi mwa wenye kudai madeni, na kodi ya ardhi ikapanda kwa watu ambao mishahara yao haikupanda. Mwaka 1928 wakazi wa Ng'ambo waligoma kuilipa. Wanawake, ambao wengi wao walimiliki nyumba zao wenyewe, walikuwa mstari wa mbele. Serikali ikalazimika kuingilia kati na kuiwekea kodi hiyo mipaka. Kwangu mimi mgomo huo ni tukio kubwa kuliko majumba mengi tunayowaonyesha wageni.

Mwaka huohuo wa 1928, mwimbaji Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba aliyehamia mjini na kuishi Ng'ambo, alikwenda Bombay kurekodi santuri. Sauti yake iliingia kwenye majumba ya matajiri, lakini habari alizoziimba zilikuwa za mitaa yake: dhuluma, mahakama, mapenzi na wizi.

Waingereza hawakukosa mipango. Mwaka 1923 H. V. Lanchester aliwaandikia ripoti ya kupanga mji. Hata hivyo fedha zilielekea zaidi upande wa mawe, na Mnazi Mmoja, palipokuwa hori, pakawa viwanja vya gofu na kriketi vikitenga Vuga ya Wazungu na Ng'ambo.

Mapinduzi ya Januari 1964 yalitokea Ng'ambo, na yalitangazwa kwa redio kutoka Raha Leo. Baada yake ardhi ikawa mali ya Serikali. Majumba mengi ya waliokimbia yakagawiwa familia zilizotoka Ng'ambo na mashamba, mara nyingi familia kadhaa katika jumba moja. Rais, Mzee Abeid Amani Karume, alitaka zaidi: kuipa Ng'ambo makazi ya kisasa. Kwa mpango wa mwaka 1968 uliochorwa na wataalamu wa Ujerumani Mashariki, majumba marefu ya ghorofa ya Michenzani yalianza kupanda, yakikatiza mitaa na kubomoa nyumba za udongo zilizokuwa njiani. Nia ilikuwa ya haki na ninaiheshimu. Lakini aliyezoea uani alijikuta juu kabisa, anatwanga na kufua ndani ya vyumba, na maji yasipopanda anabeba ndoo ngazi hadi ngazi. Karume aliuawa Kisiwandui, hatua chache kutoka hapo, tarehe 7 Aprili 1972, kabla kazi haijakamilika.

Upande wa mawe, yaani Mji Mkongwe, nao ukachakaa. Mamlaka ya hifadhi iliundwa mwaka 1985, na mwaka 2000 UNESCO ikauweka Mji Mkongwe kwenye orodha ya urithi wa dunia. Mahoteli yakafuata, bei zikapanda, na familia zilizopewa vyumba baada ya Mapinduzi zikaanza tena kuhama, nyingine zikirudi kulekule Ng'ambo.

Nyumba za Ng'ambo zilibaki kwa muda mrefu bila kutazamwa na hifadhi. Ni katika miaka ya 2010 tu, kupitia mradi wa Ng'ambo Tuitakayo, ndipo mitaa yake ilipoanza kuchorwa na kuandikwa kama urithi. Wakati huo nyingi za zile kuta za udongo zilikwisha kubadilishwa kwa tofali za saruji. Zilizobaki zinahitaji sheria ya kuzilinda kama inayolinda milango ya Shangani, na wenye nyumba wanahitaji msaada wa kuzitengeneza, kwa sababu udongo hausubiri vikao.